Dirisha, feni ya ukutani au feni ya dari: kipi kinafaa bafu la Arusha, kipi la Moshi

Bafu lako likishika unyevu, fundi ujenzi atakwambia ongeza dirisha. Fundi umeme atakwambia funga feni. Muuza rangi naye atakupa ndoo ya rangi ya bafuni na kukuhakikishia kwamba yale madoa meusi hayatarudi tena. Kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi kwa nyumba fulani. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaiga dawa ya nyumba isiyofanana na yetu: aliyejenga Pasua ya Moshi anamshauri ndugu yake anayejenga Ngaramtoni ya Arusha, na kilichofanya kazi kule kinashindwa huku.

Tofauti inaanzia kwenye mwinuko. Moshi mjini iko kati ya mita 800 na 900 kutoka usawa wa bahari. Arusha mjini iko karibu mita 1,400, na Ngaramtoni ni juu zaidi. Ni kilomita 80 hivi kwa barabara, lakini usiku wa Julai Arusha inashuka mpaka nyuzi 12 au 13, watu wanafunga kila dirisha na kuoga maji ya moto kweli kweli. Mtu wa Moshi mjini, mwezi huohuo, anaweza kuacha dirisha la bafu wazi bila kuteseka. (Wenye nyumba Marangu, Kibosho na sehemu nyingine za juu mlimani wajihesabu pamoja na watu wa Arusha.)

Baridi hiyo ndiyo inayoharibu bafu. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30, ikishiba mvuke, inabeba takriban gramu 30 za maji. Hewa hiyo ikigusa ukuta wenye nyuzi 15 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 hivi. Gramu 17 zinazobaki zinageuka matone hapohapo ukutani, huku shawa ikiendelea kumwaga mvuke mwingine. Ndiyo maana bafu la vipimo vilevile, lililojengwa kwa tofali zilezile, linakauka kwa saa moja Majengo ya Moshi na bado lina unyevu asubuhi ya pili kule Ngaramtoni.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni mvuke

Si kila ukuta unaolowa umelowa kwa mvuke. Kausha sehemu moja ya ukuta wenye doa, bandika kipande cha plastiki nyepesi ukubwa wa karatasi ya daftari, ziba kingo zote nne kwa gundi ya utepe, halafu acha siku mbili. Ukikuta matone juu ya plastiki, upande wa chumbani, shida ni mvuke na makala hii ni yako. Ukikuta unyevu nyuma ya plastiki, ukuta unanyonya maji kutoka chini, kwenye bomba linalovuja au kwenye bati lililofumuka. Hapo hata feni ya kiwandani haitakusaidia. Mtafute fundi bomba.

Mahali doa lilipo nako kunasema mengi. Ukungu wa mvuke hupenda kona ya juu ya ukuta wa nje, hasa kwenye linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), kwa sababu zege hupoa kuliko sehemu nyingine. Kwenye dari ya jipsamu angalia vichwa vya skrubu: vikianza kuonyesha vidoa vya kutu, vyenye duara la njano, kupitia rangi nyeupe, unyevu umeshakaa muda mrefu. Doa linaloanzia chini na kupanda, lenye ungaunga mweupe wa chumvi, si la mvuke.

Dirisha: linatosha lini?

Dirisha halili umeme, haliungui, halina kelele, na linaleta mwanga ambao nao unasaidia kukausha. Kwa Moshi mjini ningeanza nalo kila mara, na kwa bafu la familia ndogo mara nyingi ningeishia hapohapo.

Ila dirisha gani? Hapa ndipo watu wanapoteza pesa bila kujua. Dirisha la alumini la kusukuma linafunguka nusu tu ya upana wake. Ukiwa na dirisha la sentimita 60 kwa 60, hewa inapata sentimita 30 kwa 60, na hapo bado hujaweka wavu wa mbu, ambao unapunguza hewa zaidi, hasa vumbi likishajaa kwenye vitundu vyake. Dirisha linalofunguka kwa bawaba linatoa nafasi yote. Lenye bawaba juu, linalosukumwa nje kutokea chini, ndilo ninalolipendelea bafuni kuliko yote, kwa sababu linaweza kubaki wazi hata mvua ya masika ikipiga na jirani hakuoni.

Vioo vya luva vimepoteza heshima kwa sababu vinaonekana vya zamani. Kwa Moshi naviona ni uamuzi mzuri sana: vinafunguka karibu eneo lote na unaweza kuvilaza kidogo tu. Kasoro yake ni kwamba havifungi barabara. Kwa mji wa Moshi, hiyo si kasoro, ni faida. Bafu linaendelea kupumua hata ukisahau. Arusha mwezi wa saba, upepo unaopenya katikati ya vioo wakati umelowa unamfanya kila mtu azibe dirisha kwa taulo au kipande cha nailoni. Likishazibwa Juni, halizibuliwi mpaka Oktoba.

Huo ndio udhaifu mkubwa wa dirisha Arusha, na hauhusiani na ubora wake. Linatakiwa kufunguliwa na mtu ambaye ametoka kuoga, amelowa na anasikia baridi. Watu hawafungui. Tena hewa haitoki dirishani kwa sababu dirisha lipo. Inahitaji upepo, au pa kuingilia upande wa pili. Bafu lenye tundu moja juu na mlango uliobana mpaka sakafuni linabaki na hewa ileile.

Tofali za matundu chini ya linta ni nduguye dirisha, na ni rahisi kuliko kitu chochote kingine kwenye orodha hii kama bado unajenga. Kwa choo cha nje au bafu la wapangaji Moshi, safu ya tofali hizo pande mbili zinazotazamana, na wavu kwa ndani, inamaliza kazi kwa miaka mingi. Kwa bafu la ndani la nyumba ya Arusha, zitaleta baridi ileile na zitazibwa vilevile.

Feni ya ukutani

Hii ndiyo feni ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi za Arusha zilizokwisha jengwa, na nina sababu moja kubwa: inatoa hewa moja kwa moja nje. Inakaa kwenye tundu lililotobolewa ukuta wa nje, au kwenye fremu ya dirisha baada ya kuondoa kioo kimoja. Hakuna bomba refu, hakuna kona, na unaweza kusimama nje ukaona inavyofanya kazi.

Ukubwa wake usikisie. Pima urefu, upana na kimo cha bafu kwa mita, zidisha, halafu zidisha mara 8 mpaka 10. Hiyo ndiyo hewa inayotakiwa kutoka kwa saa. Bafu la mita 1.5 kwa 2.4 lenye dari ya mita 2.7 lina mita za ujazo 9.7, kwa hiyo linahitaji feni ya mita za ujazo 80 hadi 100 kwa saa. Maboksi mengi dukani yanaandika CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika. Zidisha namba hiyo kwa 1.7 kupata mita za ujazo kwa saa. Kwa hiyo feni ya CFM 50, ambayo ni takriban mita za ujazo 85, inatosha bafu hilo kwa shida kidogo, na ya CFM 60 inatosha vizuri.

Watu wanaogopa uniti. Feni ndogo ya inchi 4 huwa na wati 15 mpaka 20. Ukiiwasha saa mbili kila siku kwa mwezi mzima, kwa wati 20, unapata uniti 1.2. Hita ya shawa yenye kilowati 5 inakula kiasi hicho kwa dakika kama 15. Gharama ya feni haiko kwenye Luku.

Dosari zake ni mbili. Kwanza, tundu la ukutani linaingiza baridi na vumbi feni ikiwa imezimwa, kwa hiyo chagua yenye vipepeo vya nje (vibao vyembamba vinavyofunika tundu) vinavyojifunga vyenyewe. Vipepeo vya plastiki nyembamba vinapindishwa na jua baada ya muda na kubaki wazi. Ukipata vya alumini, chukua hivyo. Pili, kelele iko karibu na sikio, na kwa bafu la masta lililopakana na kitanda hilo linaweza kumfanya mwenzako azime feni kila usiku. Feni isiyowashwa haina kazi, kwa hiyo iombe iwashwe dukani uisikie kabla ya kulipa.

Feni ya dari na bomba lake

Feni ya dari inapendeza, haionekani sana, na inanyonya mvuke pale unapokusanyika. Kwa choo cha masta kilichopangwa katikati ya nyumba, kisicho na ukuta wa nje, ndiyo njia pekee ya maana. Nyumba za namna hiyo ni nyingi sasa Njiro na Moshono za Arusha na Shanty Town ya Moshi, kwa sababu ramani za vyumba vyenye vyoo vyao zinasukuma bafu ndani.

Lakini feni ya dari inaharibiwa na kitu kimoja kuliko vyote: kuachiwa imwage mvuke juu ya dari. Fundi anatoboa jipsamu, anaweka feni, anaunganisha waya, anawasha, kioo cha bafuni kinakauka, analipwa na kuondoka. Hakuna bomba. Mvuke wote umehamia kwenye mbao na bati. Usiku wa Arusha bati linapoa kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, mvuke unageuka maji chini yake, unadondoka juu ya dari, misumari inashika kutu, na mbao zinaanza kushika ukungu mahali ambapo hakuna mtu anayepanda kutazama. Mwenye nyumba analaumu bati kwamba linavuja, wakati mvua haijanyesha wiki nzima. Kama una feni ya dari tayari, panda leo na tochi uangalie bomba linaishia wapi.

Bomba litoke nje kabisa, kupitia ukutani au kwenye fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), au juu ya paa na kofia yake. Mafundi wengi hutumia bomba gumu la plastiki la inchi 4, lilelile la maji machafu, na kwa kazi hii ni zuri: ndani ni laini, halishiki vumbi, na linadumu. Bomba la kunyumbulika la foili ni rahisi kupitisha kwenye mbao lakini mikunjo yake inapunguza nguvu ya hewa, na likilegea katikati linakusanya maji kama bakuli. Kama huna njia nyingine ila hilo, livutwe linyooke na lifungwe kwenye mbao kila baada ya hatua fupi.

Bomba literemke kidogo kuelekea nje. Mvuke utageuka maji ndani ya bomba usiku wa baridi, hilo halikwepeki. Swali ni maji hayo yarudi kwenye mota au yadondoke nje. Na kila elbo inaiba hewa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa bila bomba, kwa hiyo ikibidi bomba lako lizidi mita 3 au liwe na kona mbili, panda mpaka feni ya inchi 6 na bomba lake la inchi 6. Kubana bomba la inchi 6 liingie kwenye la inchi 4 kunakurudisha ulikotoka.

Uliza pia kama mota ina beringi za gololi au bushi (pete isiyo na gololi). Feni ya dari inazunguka ikiwa imelala, na bushi katika mkao huo huisha mapema na kuanza kukwaruza. Ya beringi inagharimu zaidi, na kwa dari ningelipa tofauti hiyo bila kusita.

Kuna na feni inayokaa katikati ya bomba, juu ya dari, mbali na bafu. Hiyo ni tulivu, inaweza kuvuta mabafu mawili kwa pamoja, na inafaa nyumba ya wageni au hoteli ndogo. Kwa bafu moja la nyumbani ni gharama isiyo na sababu.

Hewa iingilie wapi?

Feni yoyote, ya ukutani au ya dari, haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Acha nafasi ya sentimita 1.5 hadi 2 chini ya mlango. Bafu lililowekewa kizingiti cha marumaru na mlango uliobana juu yake linaifanya feni izunguke bure, na wakati mwingine linafanya jambo baya zaidi: feni inatafuta hewa kwingine na kuivuta kupitia tundu la maji la sakafuni. Kama mtego wa maji wa tundu hilo (kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu) umekauka, au fundi bomba hakuuweka kabisa, utaanza kusikia harufu ya shimo la choo siku ileile feni inapofungwa. Mwaga ndoo ya maji kwenye tundu, uone kama harufu inakata. Ikikata, mtego ulikuwa mkavu. Isipokata, mtego haupo.

Hapa nasimama kwa uzito kuhusu gesi. Hita ya maji ya gesi isiyo na bomba lake la kutolea moshi nje haitakiwi ndani ya bafu, na jiko la mkaa la kupashia chumba joto halitakiwi humo hata dakika kumi. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inaua mtu akiwa anaoga. Feni haikuokoi hapo. Ikiwa na nguvu na mlango umebana, inaweza kuurudisha moshi wa hita chumbani badala ya kuuacha utoke. Hita ya gesi ifungwe nje ya ukuta.

Rangi na dari: zinasaidia, hazitibu

Rangi ya bafuni yenye dawa ya ukungu inachelewesha madoa, haikaushi ukuta. Ukiipaka juu ya ukungu hai bila kurekebisha hewa, utaurudia ukuta huohuo. Kwanza safisha kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, mlango ukiwa wazi, na usiichanganye kamwe na dawa ya asidi ya kusafishia choo, kwa sababu inatoa gesi ya sumu. Acha ukauke kabisa, ndipo upake.

Kwa dari, PVC inashinda jipsamu ya kawaida bafuni Arusha. Haivimbi, inafutika kwa kitambaa. Kuna jipsamu ya kijani inayostahimili unyevu, nayo inafaa kama unataka dari isiyo na mistari, mradi feni ipo. Moshi, kwenye bafu lenye dirisha zuri, jipsamu yoyote iliyopakwa vizuri inaishi.

Ukiwa umepanga

Mpangaji hawezi kutoboa ukuta wa watu. Omba ruhusa ya kubadilisha kioo kimoja cha dirisha kwa kipande cha plastiki ngumu chenye feni ndogo. Ukihama unarudisha kioo. Kama hata hilo limekataliwa, nunua kifutio cha mpira cha vioo na ufute kuta na sakafu kila baada ya kuoga. Maji uliyoyasukuma kwenye tundu hayatageuka mvuke, na kwa dakika mbili za kazi hakuna kitu cha bei hiyo kinachokifikia. Vile vikopo vya chembechembe za kunyonya unyevu ni vya kabati la nguo. Bafu la kuoga watu wanne litavijaza maji kabla hujasahau ulivinunua lini.

Swichi, na kupokea kazi

Feni ikiunganishwa na swichi ya taa, inawaka kila mara taa ikiwaka na kuzimika mtu anapotoka, wakati huo ndipo mvuke umejaa. Anayeoga mchana bila taa naye hapati feni. Ningechagua swichi yake yenyewe, nje ya mlango, na kama pesa inaruhusu feni yenye taima inayoendelea dakika 15 hadi 20 baada ya kuzimwa. Kwa Arusha taima hiyo naiona ni ya lazima kuliko ukubwa wa feni. Karibu na shawa chagua feni yenye alama ya IPX4 (inayostahimili maji ya kurushiwa) au zaidi, na waya wa athi uunganishwe pale feni inapouhitaji.

Kabla ya kumlipa fundi salio lake, funga dirisha na mlango, washa feni, ushike mraba mmoja wa karatasi ya chooni kwenye grili. Ukiuachia ubaki umenata. Ukidondoka, fungua mlango ujaribu tena: ukinata safari hii, mlango ndio unaobana na ukatwe chini. Ukidondoka bado, shida iko kwenye feni au bomba. Kisha toka nje, tafuta bomba linapoishia, uweke mkono. Kama huisikii hewa pale, fundi apande tena juu ya dari wewe ukiwa umeshika tochi.